Kuweka Kalamu Chini kwa Ajili ya Ilimba: Kazi Ilivyofanyika Mlali

Kwa miaka tisa sikukosa hata mara moja kuleta makala ya wiki. Juni mwaka jana niliacha. Sikuwa nimeishiwa na maneno. Nilitaka kujua kutengeneza ilimba, marimba ya Wagogo, na mshika mawili moja humponyoka. Nikahamia Mlali, ile ya Wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, si Mlali ya Mvomero, nikakaa kwa fundi mmoja mzee mpaka mwisho wa Oktoba.

Wasomaji wengi wameniuliza miezi hiyo mitano niliitumiaje. Leo naichambua kazi yenyewe: mapumziko yalivyopangwa, chuma kilivyofuliwa, sauti zilivyopatikana, na mahali nilipokosea. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mapumziko ya mwandishi huzaa matunda pale yanapokuwa na kazi ndani yake, kazi yenye mwalimu, kipimo na siku ya kumalizika.

Kwa nini kiangazi

Uwanda wa kati una msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Wakati huo kila mwenye nguvu yuko shambani, na fundi naye ni mkulima. Nilipompigia simu mwezi Machi, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, njoo jembe likishatundikwa." Juni nilipofika, mtama na uwele ulikuwa umeshaingia ghalani. Nikamwamkia, "Mbukwenyi," akaitikia, akanionyesha kigoda.

Tulikubaliana ratiba siku ileile. Asubuhi ni chuma, kabla jua halijawa kali. Mchana ni mbao. Jioni ni kusikiliza: yeye anapiga, mimi nakaa kimya. Kwa upande wangu nilijiwekea sharti moja, kwamba sitaandika chochote isipokuwa vipimo katika daftari. Wiki mbili za kwanza sharti hilo liliniuma. Kila nilichokiona nilitaka kukigeuza kuwa aya. Baadaye nilielewa kwamba aya ilikuwa inaniwahi kabla sijakitazama kitu chenyewe.

Ulimi wa chuma

Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye uwazi ndani. Juu yake zimepangwa ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Kila ulimi unalala juu ya daraja dogo, ukikandamizwa na ufito nyuma yake ili usihame. Sehemu inayobaki hewani mbele ya daraja ndiyo inayotetema na kutoa sauti.

Ndimi zetu zilitokana na misumari ya inchi 4 niliyoinunua Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi kando ya barabara ya Dar es Salaam na Dodoma. Msumari unatiwa motoni mpaka uwe mwekundu, unashikwa kwa koleo, unawekwa juu ya fuawe na kupigwa mpaka ubapae. Fuawe letu lilikuwa kipande cha ekseli ya lori kilichozikwa nusu ardhini.

Ndimi zangu 19 za kwanza zilikuwa bubu. Zilionekana nzuri kwa macho, bapa na zimenyooka, lakini ukizigusa zinatoa sauti fupi kama ya kugonga debe lenye mchanga. Fundi aliziacha zirundikane bila kusema neno. Siku ya nane aliokota mmoja, akaupinda kwa vidole, ukapindika na kubaki hivyo hivyo. "Umelala," akasema. Akauweka juu ya fuawe ukiwa baridi, akaupiga kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi ya karibu karibu, kutoka shina hadi ncha. Alipoupinda tena, ukaruka kurudi mahali pake. Akaufunga kwenye kisanduku, akaugusa, ukaimba.

Sababu iko wazi kwa anayejua chuma. Chuma laini cha msumari kikipashwa moto mpaka kuwa chekundu, kisha kikaachwa kipoe taratibu katika majivu kama nilivyokuwa nikifanya, hupoteza ugumu. Kikifuliwa kikiwa baridi, hukaza na kupata uwezo wa kurudi kinaposukumwa. Ulimi hauwezi kutetema kwa muda mrefu kama hauna nguvu ya kurudi. Moto unaupa ulimi umbo, na nyundo ya baridi ndiyo inayoupa sauti. Kuanzia hapo kila ulimi ulipita hatua zote mbili, na ya pili ilichukua muda mrefu kuliko ile ya kwanza.

Milimita sita

Ulimi ukishaimba, unatakiwa uimbe sauti inayohitajika. Hapa kosa dogo linalipiwa ghali. Idadi ya mitetemo kwa sekunde hupanda kwa kadiri urefu unavyopungua, tena kwa mraba wake: ukiufupisha ulimi kuwa nusu, mitetemo huwa mara nne, yaani oktavu mbili juu. Ulimi wenye milimita 60 mbele ya daraja ukirudishwa nyuma kwa milimita 6 tu, sauti inapanda karibu kutoka do hadi mi. Kwa hiyo fundi hausukumi ulimi kwa mkono. Anaugonga kitako kwa kijiti, pigo moja, anasikiliza, kisha jingine.

Pakibaki kidogo sana, anachukua tupa. Akipunguza chuma kwenye ncha, ulimi unakuwa mwepesi na sauti inapanda. Akipunguza karibu na daraja, ulimi unalegea shinani na sauti inashuka. Tupa ileile, ulimi uleule, na matokeo yanayopingana kwa sababu ya mahali ilipopita. Nililiandika jambo hilo kwa herufi kubwa katika daftari langu la vipimo.

Nilipokosea

Mwezi Agosti nilifanya kosa lililonifundisha kuliko yote. Nilikuwa na programu ya simu inayopima sauti na kuonyesha kama iko juu au chini ya noti ya piano. Fundi akiwa kwenye msiba kijiji cha jirani, niliketi siku mbili nikazipanga ndimi zote mpaka simu ikaonyesha kijani kila nilipogusa. Aliporudi, nikampigia kwa furaha. Alisikiliza hadi mwisho, akaninyang'anya kwa upole, akaanza kugonga vitako upya.

Sauti za Kigogo hazikupangwa kama piano. Watafiti wa muziki, kuanzia enzi za Hugh Tracey aliyewarekodi Wagogo mwaka 1950, wamebaini kwamba ngazi yao inafuata sauti ambazo uzi huzitoa wenyewe kwa uwiano wa namba kamili: 6, 7, 8, 9 na 10. Kama sauti ya kwanza ina mitetemo 600 kwa sekunde, zinazofuata zina 700, 800, 900 na 1,000. Nyongeza ni ileile, lakini kwa sikio kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Tukigawa nusu-sauti ya piano katika sehemu 100 zinazoitwa senti, hatua hizo ni karibu senti 267, 231, 204 na 182. Kwa mtu wa kwaya, ukiifanya ile ya 8 kuwa do, basi ya 9 ni re, ya 10 ni mi, na ya 6 ni so ya chini. Ile ya 7 inaangukia kati ya la na ti, mahali pasipo na ufunguo unaolingana nayo kwenye piano. Iko senti 31 chini ya noti ya piano iliyo karibu nayo.

Senti hizo 31 ndizo nilizoziua kwa siku mbili, na simu ikanisifu kwa kila moja. Programu ilikuwa inapima kwa usahihi. Kosa lilikuwa langu, maana nilichukua kipimo cha nyumba nyingine nikapimia mlango wa nyumba hii.

Ndimi zisizopigwa

Mgeni akiiona ilimba kubwa hushangaa wingi wa ndimi, maana vidole gumba ni viwili tu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha ilimba kwenye majukwaa ya dunia na aliyefariki Bagamoyo Desemba 2003, alipiga ilimba yenye ndimi zaidi ya 60. Nyingi kati ya hizo hazikusudiwi kuguswa. Kazi yake ni kuitikia. Ulimi uliopangwa sauti moja na jirani yake, au oktavu yake, hutetema wenyewe jirani anapopigwa, kwa sababu mtikisiko unapita katika mbao.

Fundi alinionyesha jinsi ya kupima. Unapiga ulimi mmoja, halafu unauzima papo hapo kwa kidole. Kama jirani zake wamepangwa sawasawa, sauti inabaki hewani ingawa uliyempiga amenyamaza. Kama hawajakaa sawa, inakatika. Ndimi mbili zikikaribiana bila kulingana, moja mitetemo 400 na nyingine 402, unasikia sauti inavimba na kunywea mara mbili kila sekunde. Unagonga kitako mpaka mawimbi hayo yapungue, yapungue, yatulie.

Hatua ya mwisho ni buibui. Tundu za kisanduku huzibwa kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake. Utando huo hutetema na kuipa ilimba mvumo wake, ule mkwaruzo mtamu unaofanya ndimi chache zisikike kama kundi la nyuki. Tuliutafuta jioni nzima kwenye kuta na nyufa kwa tochi, na tulipoubandika, chombo kikawa ilimba.

Hukumu

Kongwa ina somo lake la zamani kuhusu haraka. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha huko mradi mkubwa wa karanga. Walianza na matrekta na maelfu ya ekari kabla ya kuijaribu ardhi. Kiangazi kilipoingia udongo uligeuka kuwa mgumu kama saruji, mvua zikawa haba, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekwisha baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Fundi wangu alinishikilia kwenye kufua ndimi kwa wiki tatu kabla ya kuniruhusu kugusa kisanduku. Mwanzoni niliona ananichelewesha. Kumbe alikuwa ananifanya niijaribu ardhi.

Wapo wanaoogopa kwamba mwandishi akinyamaza atasahaulika. Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Gamba la Nyoka mwaka 1979, na riwaya yake iliyofuata, Nagona, haikutoka mpaka 1990. Katikati alikwenda Marekani, akasoma falsafa na nadharia ya fasihi mpaka shahada ya uzamivu. Alirudi na aina ya riwaya ambayo Kiswahili hakikuwa nayo kabla. Hakuna aliyemsahau.

Nami nasema hivi baada ya miezi mitano: mapumziko yangu yalifanikiwa kwa sababu hayakuwa likizo. Yalikuwa na mwalimu aliyeweza kunikatalia, kitu kinachoshikika cha kutoka nacho, na siku ya kurudi iliyojulikana tangu mwanzo. Kingepungua kimoja kati ya hivyo, ningerudi na uvivu tu. Na nimerudi na kipimo kipya cha uandishi. Naiandika sentensi, kisha naizima kwa kidole, nasikiliza kama zilizo jirani yake bado zinaitikia.

Ilimba yangu ina ndimi 24, na mbili bado hazijakaa sawa. Kama nawe unafikiria kuweka kazi yako chini kwa muda, andika kwanza majibu ya maswali matatu: nani atakufundisha, utatoka na nini mkononi, na utarudi tarehe ngapi. Na kama ni ilimba unayoitaka, mafundi wa Ugogo wamezeeka. Kiangazi kinaingia Mei. Nenda wangali wapo.