Senti Nane Juu ya Barua

Mwaka 1998 barua ya kawaida nchini Marekani ilisafiri kwa senti 32. Tarehe 29 Julai mwaka huo Shirika la Posta likaanza kuuza stempu ya senti 40 iliyofanya kazi ile ile. Barua haikufika mapema zaidi. Senti 8 za ziada zilikwenda kwenye utafiti wa saratani ya matiti.

Kabla ya hapo Marekani haikuwa imewahi kutoa stempu ya namna hiyo, ingawa kwingineko lilikuwa jambo la zamani. Mwaka 1897 koloni la New South Wales, Australia, lilitoa stempu mbili za kuchangia makao ya wagonjwa wa kifua kikuu. Ile ya peni moja iliuzwa shilingi nzima, mara 12 ya thamani yake. Kwa bei hiyo wanunuzi ni wahisani na wakusanyaji wa stempu; anayetaka tu kumjulia hali mama yake hayumo. Mwaka 1962, Shirika la Afya Duniani lilipohimiza nchi zitoe stempu za kutokomeza malaria, Senegal, Chad, Gabon na jirani zao waliotoka mikononi mwa Ufaransa walitoa ya faranga 25 na nyongeza ya faranga 5. Nyongeza hiyo ilibebeka. Udhaifu ulikuwa kwenye picha: nembo ya kampeni na mbu wake. Nembo humwambia mtu nani anaendesha vita. Haimwambii yeye afanye nini.

Hapo ndipo stempu ya 1998 ilipozishinda nyingi. Msanifu Ethel Kessler na mchoraji Whitney Sherman walikuwa na kazi ngumu: kuonyesha titi kwenye kikaratasi kitakachobandikwa kwenye barua za kanisa, za benki na za mahakama. Wakamchukua mungu wa kike wa uwindaji katika hekaya za kale, mkono mmoja ameuinua, anaupeleka nyuma kuchomoa mshale kwenye podo. Mkao huo ndio wa mwanamke anayejipapasa titi kutafuta uvimbe. Maneno ya kuhimiza mchango na tiba yamezungushwa kifuani kama duara. Anayejua ataelewa mara moja, asiyejua ataona mwindaji, na hakuna atakayeona haya kuibandika. Sijaona stempu nyingine ya afya iliyofundisha kitendo kwa ustaarabu kiasi hicho.

Kisha tazama kisichokuwapo: bei. Stempu imeandikwa tu kwamba ni ya barua za daraja la kwanza. Stempu za malaria zilifungwa na tarakimu zake, lakini hii iliweza kupandishwa bei bila kuchorwa upya. Na ilibidi, kwa sababu nauli ya barua ilianza kuila ziada. Mwaka 1999 nauli ilifika senti 33, mchango ukabaki senti 7. Mwaka 2001 ikafika 34, zikabaki 6. Mchangiaji alitoa senti 40 zile zile, mgonjwa akapata pungufu. Mwaka 2002 stempu ikapanda hadi senti 45, na nauli ilipofika 37 mwaka huo huo, senti 8 zikarudi. Sheria iliyoianzisha stempu hiyo nayo ilikuwa imerekebishwa ili ziada isishuke chini ya asilimia 15 ya nauli. Marekebisho hayo yalistahili kuwamo tangu mwanzo.

Sheria yenyewe ilipitishwa na Bunge mwaka 1997, baada ya Ernie Bodai, daktari mpasuaji wa California, kuwasumbua wabunge hadi wakamsikiliza. Ilieleza kila senti inakwenda wapi: Posta ikate gharama zake halali, asilimia 70 ya kinachobaki iende Taasisi za Taifa za Afya, na 30 Wizara ya Ulinzi. Ya jeshi isikushangaze; tangu 1992 Bunge lilikuwa limeweka huko fungu la utafiti wa saratani hiyo. Muda wa awali wa mauzo ulikuwa miaka miwili, ukaongezwa tena na tena. Zimeuzwa zaidi ya stempu bilioni moja, na zimepatikana zaidi ya dola milioni 90.

Mwaka 2017 Posta ilijaribu tena, safari hii kwa ugonjwa wa Alzheimer. Kessler alikuwamo tena. Picha ni ya mwanamke mzee, na mkono wa mtu umemgusa begani: nzuri, ya heshima. Bei senti 60 wakati nauli ilikuwa 49, kwa hiyo ziada ya senti 11, kubwa kuliko ile ya 1998. Hata hivyo fedha zilizopatikana zilikuwa sehemu ndogo sana ya zile za saratani ya matiti. Ustadi wa msanifu haukuwa umepungua. Kufikia wakati huo Wamarekani wengi walikuwa wakilipa bili kwa kompyuta na kusalimiana kwa simu, na senti 11 hazina pa kukaa kama hakuna bahasha.