Nguvu ya Kuazima

Kamina, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni njiapanda ya reli: njia itokayo Lubumbashi hugawanyika hapa, moja ikaelekea Ilebo na nyingine Kabalo. Toka Lubumbashi hadi Kamina ulitandazwa waya wa volti 25,000, lakini umeme huo ni wa kichwa cha treni peke yake. Behewa la mizigo halina hata taa. Ukilifunga kifaa cha redio cha kulifuatilia, kitaishi miaka mingi kwenye chuma, vumbi na mtikisiko, na hakuna fundi atakayeyafuata mabehewa porini akibadilisha betri. Wengi hudhani dawa ni betri kubwa zaidi. Sifa zangu ziwaendee mafundi waliouliza: kwani lazima behewa libebe nguvu yake?

Swali hilo reli ilishalijibu zamani kwa rangi. Namba iliyopakwa ubavuni mwa behewa haina betri. Jua linatoa mwanga, karani anasoma. Adui yake ni uchafu. Mwaka 1967 reli za Marekani zilianza kubandika mistari ya rangi ya kusomwa na mashine, iliyoitwa KarTrak. Mistari ikafunikwa na masizi na vumbi, na baada ya miaka kama kumi ikaachwa. Katika miaka ya 1990 vikaja vitambulisho vya redio, ambavyo vumbi halivizibi, na vingi kati yake havina betri kabisa. Ndani mna chipu ndogo kuliko punje ya mtama, na antena. Mawimbi ya kisomaji kilichosimama kando ya reli yanapoipiga antena, umeme kiduchu unazaliwa, na chipu inaamka. Haina nguvu ya kupaza sauti yake. Inachofanya ni kuyarudisha mawimbi yaleyale kwa mpigo maalumu, kama mtu anayeashiria mbali kwa kipande cha kioo juani.

Ustadi uko katika kuishi na uhaba huo. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu inayofika ni robo, na jibu linalorudi ni sehemu moja tu ya kumi na sita. Nacho chuma huivuruga antena: kitambulisho cha kawaida kikigandishwa juu yake kinakuwa kiziwi, kwa hiyo fundi hupima kwa milimita nafasi ya kuacha kati ya kitambulisho na chuma.

Atasema mtu: kifaa hicho hakijui kitu behewa likikwama katikati ya Kamina na Kabalo. Kweli. Lakini behewa haliachi reli. Likisomwa kituo kimoja bila kusomwa kinachofuata, limo kati ya hivyo viwili. Tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Upemba huenda atakako, naye ndiye anayestahili kifaa cha satelaiti na betri yake. Mwingine atasema kisomaji nacho kinakula umeme. Kinakula, ila kimesimama mahali pamoja, stesheni, ambapo mkono wa fundi unafika, na sola moja inayofutwa vumbi inahudumia mabehewa yote yapitayo. Paneli juu ya kila behewa ingezibwa na vumbi au kuibwa, na bado ingehitaji betri ya usiku.

Treni ikipita kwa kilomita 60 kwa saa, na kisomaji kikimulika mita nne za reli, kitambulisho kina kama robo ya sekunde. Ndani yake kinaamka, kinataja namba yake mara kadhaa, kisha kinazimika hadi stesheni nyingine.