Speke Alipatia, Lakini Hakuthibitisha

Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, iko kaskazini mwa mji wa Tabora. Ni upande huo alioelekea mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke mwezi Julai 1858, alipomwacha mwenzake Richard Burton Kazeh, yaani Tabora ya leo. Tarehe 3 Agosti aliliona ziwa kubwa karibu na Mwanza, ambalo leo tunaliita Ziwa Victoria, akashikilia tangu siku hiyo kwamba amepata chanzo cha mto Nile. Kwa kijana anayejiandaa na usaili wa maandishi, sijaona mfano bora wa swali la hitimisho.

Swali la aina hiyo hukupa habari fupi, kisha kauli, nawe uamue: ni kweli, pengine kweli, taarifa hazitoshi, pengine si kweli, au si kweli. Basi tumweke Speke kwenye chumba cha mtihani. Waarabu wa Kazeh, Snay bin Amir miongoni mwao, walikuwa wamemweleza kuwa kaskazini kuna ziwa kubwa. Alichemsha maji, akasoma kipimajoto, akakadiria kuwa ziwa lina mwinuko wa futi 3,740, yaani kama mita 1,140. Alikaribia sana, maana leo tunataja mita 1,134. Wenyeji aliowauliza hawakujua linakoishia. Kauli: ziwa hili ndilo chanzo cha Nile.

Watahiniwa wengi watajaza "kweli", kwa kuwa darasani walifundishwa hivyo. Alama inapotea hapo, na inaniuma kuona vijana wenye akili wakiipoteza. Msahihishaji anataka kujua habari zilizo mbele yako zinabeba nini. Uliyoyasoma kwingine yaache nje. Ukubwa na mwinuko vinaonyesha kwamba maji hayo yanaweza kushuka hadi Misri. Kwamba yanashuka kweli, havionyeshi. Speke hakuwa ameona hata kijito kimoja kikitoka ziwani. Mimi ningechagua "taarifa hazitoshi". Hata aliporudi na kuona maji yakitoka ziwani pale Jinja, tarehe 28 Julai 1862, hakuufuata mto hatua kwa hatua hadi Gondokoro, kituo kilichokuwa kando ya Nile kaskazini zaidi, na wapinzani wake walilishika pengo hilo.

Burton naye alikosea, tena vibaya zaidi. Huko Uvira mwaka 1858 aliambiwa kwamba mto Rusizi unaingia Ziwa Tanganyika. Baadaye akatetea kwamba unatoka, ili ziwa lake liweze kuulisha Nile. Novemba 1871 wapelelezi David Livingstone na Henry Stanley walifika mdomoni mwa Rusizi wakakuta unaingia.

Livingstone aliyekaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872, alikuwa na hitimisho lake: Lualaba, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, ni mto mkubwa, unaelekea kaskazini, basi huenda ni Nile. Mito mingi huelekea kaskazini kwa kitambo kisha ikageuka. Alifariki Mei 1873 bila kulitatua. Mpelelezi Verney Lovett Cameron alikuwa Unyanyembe, eneo la Tabora, Oktoba mwaka huo watumishi wa Livingstone, Susi na Chuma, walipofika na mwili wa bwana wao. Cameron aliendelea magharibi, na mwaka 1874 akiwa Nyangwe, kando ya mto huo, alipima wingi wa maji ya Lualaba. Yalizidi mara kadhaa maji ya Nile yaliyopimwa Gondokoro, ambako mto ungekuwa umeshaongezewa maji na vijito vya njiani. Kwa kauli kwamba Lualaba ni Nile, kipimo hicho kinatosha kujaza "si kweli".