Kumlilia Aliye Hai

Kumwangulia kilio mtu ambaye bado anapumua ni kumchuria. Ndiyo maana "Miss Sarajevo", wimbo ambao U2 na Brian Eno waliutoa mwaka 1995 kwa jina la Passengers, hunitatiza kila ninapousikiliza. Ni mzuri mno, na unaomboleza mapema mno.

Sarajevo ilizingirwa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996. Mizinga ilipangwa milimani. Wadunguaji waliwalenga watu wakivuka barabara. Mwaka 1993, katika chumba cha chini ya ardhi, wasichana wa mji huo walishindania taji la urembo. Walisimama jukwaani wakiwa na mavazi ya kuogelea, wameshika bango la Kiingereza lililowasihi walimwengu wasiache wauawe. Mmarekani Bill Carter aliliingiza tukio hilo katika filamu yake, na wimbo ukatokana nalo.

Bono anaimba kwa upole, akiuliza: je, upo wakati wa hili, upo wakati wa lile? Aliyesoma Mhubiri ataitambua mizani hiyo. Tofauti ni kwamba Mhubiri ana hakika kila jambo lina majira yake. Wimbo huu umeipoteza hakika hiyo. Haumlaani kamanda yeyote. Unauliza kuhusu nywele na rangi ya midomo, na kwa vitu hivyo vidogo tunaona kile ambacho mzingiro huwanyang'anya watu hata kabla ya kuwaua.

Kisha anaingia Luciano Pavarotti kwa Kiitaliano. Sauti yake inapaa, na wasichana wanatoweka. Mji uliokuwa na watu wenye ubishi na madaha unageuka huzuni tupu, huzuni ambayo msikilizaji wa mbali anaweza kuifurahia bila kudaiwa chochote.

Bango lilikuwa na ombi, na ombi hudai kitendo. Wimbo ulijibu kwa tanzia. Kati ya bango na wimbo ilipita miaka miwili. Februari 1994 pekee, kombora moja liliua watu 68 katika soko la Markale.

Bado nausikiliza. Lakini siku hizi sehemu ya Bono naisikia kama sauti ya wasichana wale, waliojipamba kwa sababu walikuwa hai. Sehemu ya Pavarotti ni sauti yetu sisi watazamaji, tunaojua kulia vizuri.