Jibu Litakaporudi

Machi 1872 Stanley aliagana na Livingstone karibu na Tabora, akashika njia ya misafara ipitayo Tura kuelekea pwani. Walikuwa wamekubaliana: akishafika, atafute wapagazi awatume bara. Livingstone akabaki Kwihara, jirani na Tabora, akingoja. Agosti wapagazi wakawasili, na mwezi huohuo mzee akaondoka.

Kila niandikapo kolibaki naikumbuka ahadi ile. Programu ya simu hutuma ombi kwenye seva, na papo hapo hukabidhi kipande cha msimbo: ukimaliza, fanya hivi. Kisha inaendelea na kazi zake. Mwenye duka wa Tura anapekua orodha ya bidhaa, na skrini haigandi hata mtandao ukisuasua. Wasanidi wa iPhone walipata bloku za namna hii mwaka 2010, kwenye iOS 4. Kwangu ni moja ya zawadi kubwa walizopewa: ombi na jambo litakalofuata vinasomeka mahali pamoja.

Uzuri wake nauona zaidi kwenye malipo. Mteja ananunua sukari kwa M-Pesa. Jibu la kwanza husema tu kwamba ombi limepokelewa; pesa bado haijahama. Mteja anaingiza namba ya siri, au anaghairi, au simu inazima. Matokeo yenyewe huja baadaye, kwenye anwani ambayo seva yetu iliiacha. Anayetoa risiti kwa jibu la kwanza anamdhulumu mwenye duka.

Fundi namheshimu kwa namna anavyoshughulikia kushindwa. Pesa ziingie, mtandao ukatike, muda uishe: kila tawi la msimbo lazima liite kolibaki, tena mara moja tu. Ikisahaulika, kiduara kitazunguka kwenye skrini mpaka mteja akate tamaa. Ikiitwa mara mbili, mfuko mmoja wa sukari utapunguzwa stoo mara mbili. Jibu likija kwenye uzi wa nyuma, lipelekwe uzi mkuu ndipo skrini iguswe. Wala kolibaki isiung'ang'anie ukurasa ambao mtumiaji ameshaufunga. Kumbukumbu ya simu ni ndogo.

Tangu 2021 lugha ya Swift ina async na await, nami naitumia kwa furaha. Ila maktaba nyingi za zamani bado zinajibu kwa kolibaki, na anayezifunika kwa mtindo mpya anakutana na sharti lilelile: jibu lirudishwe mara moja. Ukizifunika kwa CheckedContinuation, likirudishwa mara ya pili programu inaanguka palepale.