Kimo cha Fleti Katika Kivuli Chake

Atakaye kupima kimo cha fleti kwa kivuli katika Kware ya Embakasi, Nairobi, hukabiliwa kwanza na uhaba wa uwanja, kwani majumba yamesongamana hata kivuli, kabla hakijatimia, kimekwisha kupanda ukuta wa jirani. Kanuni yenyewe ni nyepesi: miale ya jua hutufikia sambamba, basi fito iliyosimama wima na kivuli chake, na jengo na kivuli chake, huwa pembetatu mbili zenye pembe sawa, na pande zake huwa na uwiano mmoja. Ndiyo ilmu asimuliwayo kwayo Thales mbele ya piramidi za Misri. Na ndiyo waijuayo waadhini wetu wa madhehebu ya Shafii, ambao kwao alasiri huingia kivuli kikisharefuka, kuzidi kile cha adhuhuri, kwa kadiri ya kimo cha kitu chenyewe. Nairobi jua huipitia utosini yapata tarehe 17 Machi na 26 Septemba, kivuli cha adhuhuri kikatoweka. Siku hizo adhana ya alasiri hutangaza pia kwamba kila mlingoti umelala chini kwa urefu wake kamili, na mapatano ya hesabu na ibada yaliyo mazuri kuliko hayo mimi siyajui.

Lakini kivuli cha mita 19 kitalazwa wapi Kware? Kwa hiyo tulipima katikati ya Machi, saa saba na dakika arobaini hivi, katika uchochoro wa mashariki wa fleti moja ya ghorofa saba: fito ya mita 2 ikatoa kivuli cha sentimita 50, fleti ikatoa mita 4.8, kimo kikawa mita 19.2. Lau tungalianzia ukutani tungalikosea, maana ghorofa za juu zimetokeza sentimita 60 kuliko ya chini. Kijana mmoja akapanda darini, penye kamba za nguo, akateremsha timazi, ikatua kando ya mtaro, na hapo ndipo tulipoanzia. Sentimita hizo 60 zingaliongeza mita 2.4, karibu ghorofa nzima, kwani kivuli kifupi huzidisha kila kosa mara 4.

Fauka ya hayo, jua si nukta, na ukingo wa kivuli ulikuwa utusitusi wa zaidi ya shubiri ndogo. Tukatia chokaa katikati yake. Tena kivuli hakingoji: saa ile cha fleti kilirefuka sentimita 9 kwa dakika, hata ikalazimu wa fitoni na wa kivuli cha fleti watie alama kwa mkupuo mmoja, kwa sauti ya yule aliye juu darini akiita, "Sasa!"