Masizi yaliyojificha katika njia ya pumzi

Kamera ya bronkoskopi ni nyembamba kuliko penseli. Daktari hutia ganzi kooni, akaipitisha puani, ikavuka nyuzi za sauti na kushuka hadi mirija ya mapafu. Ukuta wa mrija mzima ni wa waridi, unang'aa kwa unyevu. Wa baadhi ya wagonjwa una mabaka meusi tii, kama dari ya jiko la kuni, na penye weusi huo mrija umejikunja na kubana hata kamera haipiti.

Weusi wa namna hii ulizoeleka kwa wachimba makaa ya mawe. Ndiyo maana ripoti ya madaktari wa Korea Kusini ya mwaka 1998, iliyotoka katika jarida la Chest, ilishtua. Walieleza wagonjwa 28, wengi wao wanawake wazee ambao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Hali hiyo wakaiita antrakofibrosisi, yaani masizi na kovu kwa pamoja.

Ubora wa kazi yao ni kwamba hawakuridhika na kilichoonwa na kamera. Walitafuta vimelea, wakakata vipande vya nyama, wakapiga picha za CT. Wagonjwa 17 kati ya hao 28 wakakutwa na kifua kikuu hai.

Picha za CT ndizo zilizofungua fumbo. Pembeni mwa mirija iliyobanwa palikuwa na tezi za limfu zilizovimba, nyingine zimeshika chokaa. Tezi ndiyo ghala ambamo chembe walinzi wa mapafu hupeleka vumbi na masizi. Ikiugua kifua kikuu huweza kutoboka na kumwagia uchafu wake ndani ya mrija. Kidonda kikipona, kovu hukaza. Mrija wa sehemu ya kati ya pafu la kulia huumia zaidi, kwa kuwa ni mwembamba na umezingirwa na tezi.

Lakini kifua kikuu hakikutosha kueleza kila mgonjwa, na masizi yenyewe yalitoka wapi? Tafiti zilizofuata Iran na India ziliwakuta tena wanawake wa vijijini, waliopika na kuoka mikate miaka na miaka kwa kuni na samadi ndani ya vyumba visivyopitisha hewa. Anayeijua nyumba ya mafiga matatu, Singida au Kitui, hahitaji kuelezwa moshi huo unavyochoma macho.

Hapa ndipo uchambuzi unapogusa uhai wa mtu. Mgonjwa hukohoa, hukoroma kifuani, hupewa dawa za pumu au za ugonjwa sugu wa mapafu, na kovu halilegezwi na dawa ya kuvuta. Akipewa steroidi huku kifua kikuu hakijatafutwa, vimelea hupata nafasi. Mrija ulioziba nao hufanana mno na saratani, kwa hiyo kipande cha nyama lazima kipimwe.

Kabla ya kamera, lipo swali lisilogharimu senti: "Bibi, umepikia kuni miaka mingapi, na jiko lako lilikuwa na dirisha?"